Matairi na Mizani ya Gari la Mbio Konani

Mizani ya gari la mbio hutokana na jinsi mshiko unavyogawanyika kati ya matairi ya mbele na ya nyuma. Mshiko wa mbele ukiisha kwanza, pua hukataa kona na gari husogea kuelekea ukingo wa nje. Wa nyuma ukiisha kwanza, mkia hutoka na dereva hulazimika kuzungusha usukani upande wa pili. Hayo yanafahamika.

Kinachohitaji kujadiliwa kwa kirefu ni dai lililoota mizizi gereji: kwamba kazi ya tairi ni kuleta mshiko tu, ilhali mizani hutengenezwa kwa springi, shokapu na stabilaiza. Kwa mujibu wa dai hilo, mwenye gari hununua tairi lenye mpira laini kuliko yote, kisha humwachia fundi kusawazisha. Dai hili lina chembe ya ukweli, ndiyo maana halifi: stabilaiza ya mbele ikifanywa ngumu zaidi, pua hukataa kona mapema, na dereva yeyote hulihisi hilo katika mzunguko mmoja. Swali lisiloulizwa ni kwa nini.

Jibu limo ndani ya tairi. Tairi likiongezewa mzigo, mshiko wake huongezeka, lakini si kwa uwiano uleule. Tuchukulie ekseli yenye matairi mawili, kila moja limebeba kilo 300 na linahimili nguvu ya kando sawa na kilo 330. Jumla ni 660. Konani mzigo huhamia nje, la ndani likabaki na kilo 100 na la nje likabeba 500. La ndani sasa linahimili kama kilo 117 na la nje 515. Jumla ni 632. Ekseli haikupoteza hata kilo moja ya mzigo, ila imepoteza mshiko. Kazi ya stabilaiza ni kuamua ekseli ipi ibebe sehemu kubwa zaidi ya uhamaji huo, na hivyo ipi ipate hasara kubwa zaidi. Lingekuwapo tairi ambalo mshiko wake hupanda sawia na mzigo, fundi angebadilisha stabilaiza tangu asubuhi hadi jioni bila mizani kusogea, ukiacha athari ya mlalo wa magurudumu, ambayo nayo hupitia kwenye tairi vilevile. Chombo kinachodaiwa kutawala mizani hakina nguvu ila ile kinayoazimwa na tairi.

Hakuna walioliweka jambo hili wazi kuliko William Milliken na mwanawe Douglas katika kitabu chao Race Car Vehicle Dynamics cha 1995. Mpangilio wake peke yake ni hoja: tairi limepewa sura ya pili, kabla gari lenyewe halijachambuliwa. Milliken baba alitoka kwenye ndege. Alifanya majaribio ya urukaji Boeing, kisha akafanya kazi katika maabara ya Cornell huko Buffalo, ambako fikra za uthabiti wa ndege zilihamishiwa kwenye gari. Wala hakuwa mtu wa karatasi tu. Mwaka 1948, katika mashindano ya kwanza ya Watkins Glen, aliipindua Bugatti yake, na kona ile ikapewa jina lake.

Honda S2000 inatoa mfano mzuri. Gari hili lina uzito unaokaribia nusu kwa nusu kwenye ekseli zake, na mwanzoni lilivaa matairi yenye upana wa milimita 205 mbele na 225 nyuma. Toleo la 2004 lilipewa 215 na 245: milimita 10 zaidi mbele, 20 zaidi nyuma. Mkia ukatulia, pua ikawa nzito zaidi kuingia kona. Wanaolipeleka uwanjani mara nyingi huvisha 255 pande zote nne. Mshiko wa jumla hupanda, lakini mbele hufaidika zaidi, na mkia huwa mwepesi kutoka. Mwandishi wa makala haya amewahi kumsikia dereva akilaani matairi mapya ya namna hiyo ilhali saa ilionyesha mzunguko mfupi kuliko wa zamani. Hapo ndipo stabilaiza ngumu ya mbele inapostahili kuitwa, baada ya tairi kuchaguliwa.

Kuna pingamizi la haki dhidi ya kuvisha kipimo kimoja pande zote. Tairi linalosukuma gari hugawa mshiko wake kati ya kusukuma na kushika kona, na Porsche 911, yenye injini nyuma ya ekseli ya nyuma, haiwezi kukwepa matairi mapana huko. Hata hivyo, kwa gari jepesi lenye injini ya lita 2 na uzito uliogawanyika sawa, kipimo kimoja pande zote nne ndicho chaguo sahihi la uwanjani.

Upepo wa matairi nao hubadilisha mizani, lakini kwa gharama. Kila tairi lina kiwango cha upepo linachofanyia kazi vizuri zaidi likiwa la moto. Upepo ukizidishwa au kupunguzwa kutoka hapo, mshiko hushuka. Kwa hiyo anayerekebisha mizani kwa upepo mara nyingi huuibia upande ulio mzuri. Joto huongeza utata: gari linalovutwa na magurudumu ya mbele hulazimisha matairi hayo yasukume, yaelekeze na yabebe sehemu kubwa ya breki, hivyo huzidiwa na joto mapema na pua huzidi kukataa kona kadiri mizunguko inavyoongezeka. Kwa sababu hiyo vipimo vya upepo na joto huchukuliwa mara gari linapotoka uwanjani, kabla matairi hayajapoa.