Mashine ya Mtu ni Amana
Mada kwa vijana: kuanza kazi ya kutengeneza PS



Shukrani zote ni za Allah (s.w.), na sala na salamu zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na sahaba zake. Wazee wetu, kina mama, na nyinyi vijana wenzangu: nimepewa muda mfupi kabla ya futari nizungumzie kazi, nami nimechagua kazi ambayo wengine wataicheka kwanza. Ni kutengeneza mashine za gemu, hizi tunazoziita PS.

Najua wako wazee wanaojiuliza, gemu na Ramadhani wapi na wapi? Ni haki yenu kuuliza. Kijana anayeacha tarawehe kwa ajili ya gemu, au anayecheza kwa kuwekeana pesa, masheikh wetu wameshamwambia. Mimi sina la kuongeza. Mimi nazungumza juu ya fundi, na juu ya kijana aliyemaliza shule na hana kibarua.

Tuanze na soko. Ukipita Lurambi, au ukiingia Kefinco na Sichirai wanakoishi wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Masinde Muliro, utakuta vibanda vya PS: runinga, mashine, benchi, na vijana wanalipa kwa mechi. Padi moja inashikwa na mikono mingi kutwa nzima. Ikiharibika, mechi ya watu wawili haichezeki, na mwenye kibanda hana mapato mpaka apate nyingine. Basi huyo ndiye mteja wako wa kwanza. Usimngoje mtoto wa tajiri. Huyu wa kibanda anakuhitaji leo.

Na ugonjwa wake mkubwa unajulikana. Mchezaji anakimbia peke yake hata kama hakuna aliyegusa padi. Ndani ya kile kijiti cha kidole gumba mna vipande viwili vidogo vinavyopima mwelekeo, na njia yake ya kaboni huchakaa au hujaa vumbi. Mara nyingine kusafisha kwa alkoholi ya isopropili kunatosha. Kama imechakaa, unabadilisha kijiti kizima. Kwenye padi ya PS4 hapo pana miguu 14 ya kulehemu, na yote lazima itoke bila kung'oa njia za shaba za bodi. Kwa hiyo usijifunzie kwenye padi ya mtu! Tafuta padi zilizokufa, zinunue kwa bei ya takataka, lehemu na ulehemue mpaka mkono utulie.

Vifaa vya kuanzia si vingi. Bisibisi ya kawaida na ile ya nyota namba 8 yenye tundu katikati, pasi ya kulehemu, mita ya kupimia umeme, brashi, na pesti ya kupoza prosesa. Vipuri vingi utaagiza Nairobi, Luthuli Avenue, vije kwa gari. Anayetaka msingi wa umeme darasani, Sigalagala haiko mbali.

Ukishaizoea padi, ingia kwenye mashine, lakini kwa ngazi. Kusafisha vumbi na kubadilisha pesti kwenye PS4 inayopiga kelele kama posho mill, hiyo ni kazi ya mwanzo. Kubadilisha hadi diski yake pia ni rahisi, ni ile ya inchi 2.5 ya laptopu. Lakini muulize mwenyewe kwanza, maana humo mna michezo aliyoihifadhi kwa miaka. Tundu la HDMI liache mpaka uive. PS5 usiifungue kabisa mwanzoni: kwenye prosesa yake mna metali ya maji inayopitisha umeme, na tone moja likimwagika linaweza kuua bodi.

Jingine ni usalama. Kisanduku cha pawa hubaki na umeme hata baada ya kuchomoa waya, kiogope. Na sisi watu wa Kakamega tunaijua radi. Mwambie kila mteja: mvua ikianza kunguruma, chomoa waya wa stima na wa runinga pia. Utapoteza kazi mbili tatu kwa nasaha hiyo, lakini utapata mtu anayekuamini.

Hapo ndipo penye shabaha yangu, ndugu zangu. Fundi kwetu ana jina baya. "Njoo kesho," na kesho haifiki. Ukipeleka kitu kizima kinarudi kimepungua. Sasa mtihani wako utakuja hivi. Kuna mashine ambazo lehemu chini ya chipu imepasuka kwa joto. Ukiipuliza kwa hewa ya moto, inawaka! Mteja anafurahi, analipa. Wiki chache baadaye inakufa tena. Wewe ulijua, yeye hakujua. Mtume (s.a.w.) alipita sokoni, akatia mkono katika lundo la chakula, juu kukavu chini kumelowa, akamkataza muuzaji na akasema kwamba mwenye kughushi si katika sisi. Mashine ile iliyopulizwa ina tofauti gani na lundo lile?

Hata makampuni makubwa yamepitia hapo. Xbox 360 ilitoka mwaka 2005, ikaanza kufa kwa wingi ikionyesha taa tatu nyekundu. Mwaka 2007 Microsoft ilirefusha dhamana ya tatizo hilo hadi miaka 3, na ikatenga zaidi ya dola bilioni 1 kwa gharama hiyo. Ikiwa wao waliona kwamba jina lina thamani hiyo, wewe wa kibanda cha mabati jina lako ni nini? Ndilo duka lako lote.

Kwa hiyo jiwekeeni masharti manne. Pima mbele ya mteja, na mwambie bei kabla ya kufungua. Andika: aya ndefu kuliko zote katika Qur'an, Suratul Baqara aya ya 282, inahusu kuandikiana madeni, basi daftari la shilingi chache lisikushinde. Kipuri cha zamani mrudishie mwenyewe. Na usichokiweza, sema "siwezi", umwelekeze kwa anayeweza.

Wazee wetu, ombi langu kwenu ni dogo. Kijana akiomba kona ya duka na meza moja, msimwambie anacheza. Nabii Daud (a.s.) alikula kwa kazi ya mikono yake, na alikuwa mfalme.

Allah atujaalie riziki ya halali, na azipokee funga zetu. Wabillahi tawfiq.

Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.