Maji Moto ya Ufuoni, Mtoto na Mama Mja Mzito

Leo nitajibu swali la mama ambaye mumewe amepata nafasi ya masomo Aislandi, kisiwa kilicho mbali kaskazini mwa Ulaya. Wakenya wengi wanaofanya kazi ya mvuke wa ardhini kule Olkaria, Naivasha, walisomea huko. Mama huyu atamfuata mumewe pamoja na mtoto wao wa miaka miwili, naye ana mimba ya miezi miwili. Amesikia kwamba watu wa huko huoga katika chemchemi za maji moto kando ya bahari, hata theluji ikianguka. Anauliza kama ni salama.

Ni kweli, mama, wanaoga. Katika mkoa wa Vestfirðir, kaskazini magharibi mwa kisiwa, kuna kidimbwi cha mawe kiitwacho Hellulaug, hatua chache tu kutoka baharini. Maji yake ni ya nyuzi joto 38 hivi, na hakuna mlinzi. Mbali zaidi kuna Krossneslaug, bwawa lililojengwa mwaka 1954 ufuoni penyewe, karibu na mwisho wa barabara. Wakati wa baridi barabara hiyo huweza kufungwa na theluji, na hospitali iko mbali. Kumbuka hilo.

Maji moto hulegeza misuli na kupumzisha mwili uliochoka. Hilo silipingi. Shida ni kwamba jicho halipimi joto. Maji ya nyuzi 38 na maji ya nyuzi 60 hufanana kabisa, na katika hewa ya baridi yote hutoa mvuke. Maji ya nyuzi 60 huunguza vibaya ngozi ya mtu mzima kwa sekunde 5 hivi. Ngozi ya mtoto ni nyembamba, huungua upesi zaidi. Tena maji ya kidimbwi kimoja hayalingani: pale yanapoingia kutoka ardhini huwa makali kuliko upande mwingine. Wale waliofika Bogoria wakaona mayai yakichemshwa katika chemchemi wananielewa.

Kwa hiyo waulize wenyeji kwanza. Kisha pima kwa kiwiko, maana kiganja cha mama aliyezoea sufuria kimeshakuwa sugu. Pima sehemu zaidi ya moja.

Kuhusu mtoto wako: madaktari hushauri kwamba mtoto wa chini ya miaka mitano asiingizwe katika maji moto ya namna hiyo, kwa sababu mwili wake hupata joto kupita kiasi upesi. Utawaona wenyeji na watoto wao wadogo majini, lakini mabwawa ya mjini yana sehemu ya watoto, yenye maji ya kina kifupi na vuguvugu. Mpeleke huko, na umshike wakati wote. Huko lazima kila mtu aoge kwa sabuni bila nguo kabla ya kuingia. Usione haya, wanawake wana upande wao. Na ukiona watu wazima wanatoka katika maji moto wakakimbilia baharini, waache. Bahari ile ni baridi mno kwa mtoto.

Na wewe mwenye mimba, miezi mitatu ya kwanza ndiyo mtoto tumboni anaumbika ubongo na uti wa mgongo. Joto la mwili wa mama likipanda sana wakati huo, linaweza kumdhuru. Kaa ukingoni, tia miguu tu. Ukihisi kizunguzungu, toa miguu, kaa penye hewa na unywe maji.

Mtoto akiungua je? Mwondoe kwenye maji, mvue nguo zilizolowa upesi, isipokuwa zilizogandamana na ngozi. Mwagia mahali palipoungua maji baridi ya kawaida, yasiwe ya barafu, kwa dakika 20. Ni muda mrefu, na atalia, lakini usikatize. Sehemu nyingine za mwili zifunikwe asipatwe na baridi. Usipake dawa ya meno, unga, wala mafuta ya kupikia, na usitoboe malengelenge. Funika jeraha kwa kitambaa safi, umpeleke hospitalini. Aislandi nambari ya dharura ni 112.

Haya hayamhusu msafiri peke yake. Karai la kuogeshea mtoto hapa nyumbani ni chemchemi vilevile: tia maji baridi kwanza, ya moto baadaye, koroga, pima kwa kiwiko, ndipo umwite mtoto. Usimwache karibu na sufuria ya maji yaliyotoka jikoni, hata ukienda mlangoni tu kuitikia hodi.

Mama uliyeuliza, safari njema. Mweleze mkunga wako mpango wako kabla ya kuondoka. Wiki ijayo tutazungumza juu ya chanjo ya surua. Kwaheri.