Mitaro ichimbwe sasa, mvua ingali mbali

(Hotuba iliyosomwa kwa niaba ya walimu, Siku ya Wakimbizi Duniani, 20 Juni)



Sisi walimu tumepewa dakika chache, nasi tumechagua kusema juu ya mvua. Wengine watashangaa, maana ni kiangazi na vumbi limejaa. Lakini hapa Burundi mvua zitarudi kati ya mwezi wa tisa na wa kumi, na zikishaanza ni vigumu kuchimba mtaro ukasimama.

Wengi wetu tumetoka Kivu ya Kusini. Tunakumbuka Uvira, usiku wa kuamkia tarehe 17 Aprili 2020, mto Mulongwe ulipoingia majumbani. Tunakumbuka Kalehe, tarehe 4 Mei 2023: Bushushu na Nyamukubi zilifunikwa kwa maji, matope na mawe, na waliokufa walipita 400. Nyamukubi ilikuwa siku ya soko.

Kambi yetu haina mto kama ile, lakini iko mlimani na nyumba zimebanana. Darasani tulifanya hesabu. Mvua ya milimita 1 juu ya meta mraba 1 ni lita 1 ya maji. Paa la meta 4 kwa 5, likipata mvua ya milimita 50, linamwaga lita 1,000, yaani madumu 50 ya lita 20. Mstari wa nyumba 20 ni lita 20,000, na zote zinamshukia jirani wa chini. Mwanafunzi mmoja akauliza jirani huyo ni nani. Wenzake wakacheka, maana walimjua.

Kila mtu huchimba mpaka mwisho wa ukuta wake, kisha anaacha. Tunaomba wakuu wa mitaa wapime kwa kamba mtaro mmoja kutoka juu hadi bondeni, hata ukikata bustani ya lengalenga ya mwalimu.

Kabla ya mitaro, mashimo ya matofali yafukiwe. Hayo ndiyo yanayotutia hofu zaidi. Kiangazi watoto huchezea humo. Mvua ikinyesha yanajaa hadi ukingoni, na mtoto wa darasa la kwanza hajui kina. Vyoo vilivyokaribia kujaa navyo vishughulikiwe, kwa sababu maji yakiingia humo uchafu utashuka na kipindupindu kitaufuata.

Wageni wetu, tunaomba majembe, mabeleshi na toroli, tena vifike mwezi wa saba. Shitingi zinazoletwa baada ya nyumba kuanguka tunazipokea kwa shukrani, lakini zimechelewa.

Kadi za chakula, hati za ukimbizi na vyeti vya shule vifungwe ndani ya plastiki na kutundikwa juu karibu na mlango. Walio kando ya korongo, mvua ikizidi usiku, wasingoje kuambiwa. Waje shuleni na watoto. Madarasa mawili ya upande wa juu yatakuwa wazi, na ufunguo utakaa kwa mwalimu wa zamu.