Majeraha ya Moyo Baada ya Mauaji ya Kimbari

Mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi nchini Rwanda, kati ya Aprili na Julai 1994, yaliwaachia manusura majeraha yasiyoonekana kwa macho. Wengi walipoteza ukoo mzima, wakakosa hata wa kuomboleza naye. Manusura anayenyamazishwa au kuepukwa na majirani hubaki na huzuni yake moyoni: hukosa usingizi, hushtuka ovyo, huumwa kichwa au tumbo bila ugonjwa kuonekana. Kila Aprili, wakati wa kumbukumbu, baadhi huzidiwa na hofu kana kwamba mauaji yanatokea upya. Mwaka 1995 wajane walianzisha chama cha AVEGA Agahozo ili kusaidiana. Kusikilizwa, matibabu, makazi na haki humrejeshea manusura nguvu ya kuishi.