Jengo Hili ni la Nani?



Nimeombwa kusema juu ya utunzaji wa jengo hili la kale. Bila shaka wengi mmetazamia nizungumzie paa, nyufa na gharama. Hayo fundi atayaeleza vizuri kuliko mimi. Mimi nataka tujadili ni nani wa kuulizwa kabla fundi hajapanda ngazi.

Nianze na kosa langu mwenyewe. Nikiwa mchungaji kijana katika usharika mwingine, tulikuwa na kanisa dogo la mawe na chokaa, na kuta zilikuwa zimebanduka. Jioni moja watu watano tulikaa ofisini, tukaamua kuzipiga lipu ya saruji nje na ndani. Washarika walijulishwa Jumapili wakati wa matangazo, mifuko ya saruji ikiwa imekwisha kufika. Hakuna aliyepinga. Mwaka wa tatu lipu ilivimba, ikadondoka, nayo ikaondoka na uso wa mawe. Ndipo mzee mmoja aliponieleza, kwa upole ulioniuma kuliko karipio, kwamba baba yake ndiye aliyechoma chokaa ya ukuta ule, na kwamba kila baada ya masika walikuwa wakiupaka chokaa upya ili upumue. Nikamwambia, "Mzee wangu, mbona hukusema?" Akajibu, "Mchungaji, hukuuliza."

Naye alikuwa sahihi. Ukuta wa mawe na chokaa hunyonya unyevu na kuutoa. Saruji huifunga njia hiyo. Maji na chumvi hubaki ndani, na jiwe huanza kumeguka. Elimu hiyo sikuipata chuoni Makumira. Ilikuwa imekaa benchi la tatu kutoka nyuma kila Jumapili.

Sisi wa Ubena si wageni wa Bagamoyo. Mwaka 2006 mji ule mkongwe, pamoja na njia ya misafara ya pembe na watumwa hadi Ujiji, uliingizwa katika orodha ya awali ya UNESCO ya mahali panapopendekezwa kuwa urithi wa dunia. Boma la Wajerumani, Ngome Kongwe na nyumba zenye milango ya nakshi hupigwa picha sana. Lakini habari zake husimuliwa na nani? Hata jina la mji lina maelezo zaidi ya moja. Wengine humtaja mtumwa aliyebwaga moyo kwa kukata tamaa. Wengine humtaja mpagazi aliyetua mzigo baada ya safari ya miezi, moyo wake ukatulia. Mgeni akisikia maelezo ya kwanza peke yake, mpagazi amefutwa, na wajukuu wake wapo. Mkataba wa Urithi wa Dunia, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1977, unataka urithi uwe na kazi katika maisha ya jamii. Sijui utapewaje kazi hiyo na watu ambao hawakuulizwa.

Wapo wanaodhani serikali itatulindia. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 huyalinda moja kwa moja majengo yaliyojengwa kabla ya 1863. Yaliyojengwa baada ya hapo hulindwa yakiwa yametangazwa rasmi. Kanisa letu, kwa miaka yake 100, liko mikononi mwetu.

Wengine watasema mashauri marefu huua jengo. Hawakosei kabisa. Beit al-Ajaib ya Unguja, iliyojengwa mwaka 1883, ilichakaa kwa miaka mingi, na tarehe 25 Desemba 2020 sehemu yake iliporomoka katikati ya ukarabati, mafundi wawili wakapoteza maisha. Kwa hiyo napendekeza hivi: penye hatari patiwe nguzo mara moja, bila kungoja kura ya mtu. Mengine yote, yaani rangi, madirisha, sakafu, kengele na makaburi ya uani, yangoje watu wote wasemwe nao. Nehemia alizizunguka kuta za Yerusalemu usiku na watu wachache tu, lakini hakuinua jiwe kabla hajazungumza na watu. Kisha wengine wakajenga mbele ya nyumba zao wenyewe.

Nasema watu wote, si wazee wa kanisa peke yao. Akina mama wanaofagia humu wanajua maji yanapoingilia. Majirani zetu Waislamu wana ndugu waliozikwa kando ya wetu. Vijana ndio watakaolipa ukarabati ujao, nao wasiitwe kubeba viti tu. Kila neno liandikwe, na lile tutakalolikataa liandikwe pamoja na sababu.

Mkutano wa kwanza utakuwa Jumamosi, saa tisa alasiri, watu wakiwa wametoka shambani na sokoni. Tutakaa nje chini ya mwembe, ili asiyezoea kuingia kanisani asione haya. Mchoro wa fundi hautaletwa siku hiyo. Nimemwomba asiuchore kwanza.