Malewa ya Base na kaye ya madeni

(Maneno tuliyotoa kwa wanachama na wafadhili katika mkutano wa umoja, Base ya Kamina)

Tulipewa nafasi ya kusema juu ya mikopo midogo. Tutaisema, lakini tutapitia kwenye sufuria, juu makuta mengi ya mikopo hiyo ndiko yalikoenda.

Mtu akifika hapa Base na njaa, anaonyeshwa njia ya malewa. Kwa wale ambao hawajafika kwetu: malewa si hoteli. Ni turubai au mabati juu ya miti minne, mabenchi mawili, mbabula mbili tatu za makala, na mama anayejua nani anakula nini. Hakuna karatasi ya vyakula. Unasogea, mama anafunua sufuria, unaangalia mwenyewe. Mchana iko bukari, iko sombe ya mafuta ya mawese, maharagwe, samaki wa kukaushwa wanaotoka pande za Bukama kwa treni, na makayabu siku ile mteja ana makuta. Asubuhi ni chai na mikate ya kukaanga. Unanawa, unakula, unaenda kazini.

Sahani ya hapa imechanganya watu wengi. Wabelgiji ndio walijenga Base hii baada ya vita vya pili vya dunia. Mwaka 1960 askari wa Umoja wa Mataifa wakaingia. Hadi leo ni mahali pa jeshi. Askari wanatoka kila upande wa nchi na Lingala yao, ndiyo maana ukiomba sombe mama mwingine anakujibu, "Pondu?", na jirani yako kwenye benchi anauliza kama kwanga imebaki. Kamina mjini nako ni njia panda ya reli: huku Lubumbashi, huku Kasai mpaka Ilebo, huku Kabalo. Mukasai anataka bukari iliyochanganywa na unga wa muhogo. Aliyekaa miaka kwenye kambi za Zambia, Kala, Mwange au Meheba, anataka ile nyeupe ya mahindi matupu, na mboga ya majani iliyopikwa na karanga. Wapishi wetu wamejifunza yote. Mteja akikuta chakula alichokizoea, anarudi kesho.

Mfadhili aliye Marekani atatuelewa tukimtajia Hawaii. Kule wafanyakazi wa mashamba ya miwa walitoka Japani, China, Ufilipino, Ureno na kwingine, na sahani ya mchana ya leo inabeba wote: wali, makaroni ya baridi yenye mayonezi, nyama pembeni. Wana chakula kingine, loco moco, ambacho wengi wanasema kilianzia mji wa Hilo mwaka 1949: wali, nyama ya kusaga, yai, na mchuzi mzito unamwagwa juu. Ni chakula cha mtu mwenye makuta kidogo na njaa kubwa. Malewa ni ndugu yake, ila sisi mchuzi tunaweka kando.

Sasa tuje kwenye kaye. Kila mama wa malewa ana kaye ya shule yenye majina. Humo kuna askari anayengoja mshahara, mwalimu anayengoja wake, dereva wa pikipiki aliyeharibikiwa, na kuna watu wetu, waliorudi. Wakati watu walianza kurudishwa Katanga kutoka Zambia mwaka 2007, kwa meli kutoka Mpulungu mpaka Moba, walipewa vitu vya kuanzia. Vitu vile vinaisha. Shamba jipya linachukua miezi kabla halijatoa hata gunia moja. Katikati ya hapo, mtu anakula wapi? Tumeuliza familia nyingi swali hilo, na jibu linarudi lile lile: kwa mama fulani, akaandika kwenye kaye.

Kuna watu wanaotupa pesa ambao wametuomba tukataze kukopesha chakula. Wanasema mkopo wa umoja unaliwa na wateja. Tunawaheshimu, lakini hapo tunakataa. Malewa isiyokopesha hapa Base haina wateja tarehe 20 ya mwezi. Labda ifunge milango, kama ingekuwa nayo. Na mgeni aliyerudi juzi, bila shamba na bila shangazi, angelala njaa.

Hata hivyo hatari iko, tusifiche. Tuseme mama ananunua unga, makala na mafuta kwa franka 60 000 kwa wiki, na sahani za franka 25 000 zinaingia kwenye kaye. Wiki ya kwanza anajaza pengo kwa likelemba yake. Wiki ya pili anauza pagne. Wiki ya tatu mbabula haiwaki. Na bei ya unga ikipanda, kaye inabaki na bei ya zamani. Mwaka 2024 ukame mkali ulipiga Zambia, serikali ya kule ikautangaza kuwa janga la taifa, na Katanga ambayo inakula mahindi ya Zambia ikaumia. Hatuna njia ya kuzuia ukame. Tunaweza kuzuia mama asinunue unga kilo kwa kilo kwa bei ya njaa.

Kwa hiyo tunaomba mkopo wa mzunguko ujao utoke kwa mahindi, mafuta na makala, na ununuliwe mwezi wa tano, mavuno yakiwa bado sokoni. Vibao vya rangi na viti vya plastiki vingoje. Picha zake ni nzuri kwa ripoti, hatukatai, lakini hakuna mtu anayekula kibao. Malipo yafuate tarehe za mishahara, siyo kila Jumatatu. Na kila kaye iwe na mpaka ambao mama mwenyewe ameuweka. Mteja akiufikia, mama aweze kusema, "Papa, umoja umenikataza." Lawama tutaibeba sisi, hata asipolipa.

Wanachama, tunasema na ninyi pia. Majina mengine kwenye zile kaye tunayajua, yamekaa humu ndani leo. Hatutayasoma. Mweka hazina atakaa kwenye meza ya nyuma mpaka saa kumi, na bamama watatu wamekuja na kaye zao. Anayeweza kulipa nusu, alipe nusu.