Maandalizi ya Kikao cha Kuchambua Hatari Kiwandani

Haya ni maelezo yaliyotolewa kwa kamati za usalama za viwanda vya Athi River. Yanachapishwa hapa kwa manufaa ya wakazi wote.



Tarehe 12 Septemba 2011, petroli ilivuja katika eneo la viwanda la Nairobi, ikaingia kwenye mtaro na kufika mtaa wa Sinai. Moto ulipozuka, watu zaidi ya 100 walifariki. Wengi wao walikuwa wakazi wa mtaa huo. Athi River nayo ina viwanda vya saruji na vya chuma, pamoja na eneo la EPZ, na watu wanaishi karibu. Ndiyo maana kikao cha kuchambua hatari kiwandani kinamhusu pia aliye nje ya ukuta.

Katika kikao hicho, timu huupitia mtambo sehemu kwa sehemu na kuuliza: mtiririko ukikatika hapa itakuwaje? Ukizidi? Ukirudi nyuma? Presha ikipanda, ni nini kitakachozuia madhara? Utaratibu huu ulikuzwa na kampuni ya kemikali ya ICI, Uingereza, miaka ya 1960. Huweza kuchukua siku kadhaa. Timu isiyojiandaa hupoteza asubuhi nzima ikitafuta makaratasi, na kufikia jioni maswali mazito hupitishwa kwa uchovu.

Kwanza ni michoro. Tarehe 1 Juni 1974, kiwanda cha kemikali cha Flixborough, Uingereza, kililipuka na kuua watu 28. Bomba la muda lilikuwa limewekwa kuruka tangi lililopata ufa. Mchoro pekee wa bomba hilo ulikuwa wa chaki, sakafuni mwa karakana. Kwa hiyo, kabla ya kikao, fundi na opareta wautembeze mchoro kiwandani, wakilinganisha kila vali, geji na bomba. Kilichoongezwa bila kuandikwa kitiwe alama ya kalamu nyekundu.

Pili ni watu. Awepo mhandisi, fundi wa umeme, fundi wa mitambo, na opareta anayeshika zamu ya usiku, kwani yeye ndiye anayejua vali ipi hukwama na king'ora kipi kimezoeleka hadi hakisikilizwi. Atafutiwe mtu wa kumshikia zamu ili asiitwe kila dakika. Anayeongoza kikao asiwe msimamizi wa mtambo huo, na anayeandika kumbukumbu awe mtu mwingine.

Tatu ni rekodi. Timu ipate mapema orodha ya kemikali na kiasi chake, taarifa za ajali, na hasa matukio yaliyokaribia kuwa ajali. Ikubaliane pia kikao kitaanzia mtambo gani na kuishia wapi.

Nne ni majirani. Chini ya Katiba ya 2010, zimamoto ni jukumu la kaunti. Wazimamoto wanaofika langoni bila kujua kilichomo ndani wanaweza kumwaga maji pasipofaa. Maji yakinaswa chini ya chuma kilichoyeyuka husababisha mlipuko. Malalamiko ya wakazi kuhusu harufu au vumbi yaletwe mezani pia.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inamtaka mwajiri kutathmini hatari, na mahali penye wafanyakazi 20 au zaidi pawe na kamati ya usalama. Kamati hiyo ndiyo ya kuuliza: mchoro ulilinganishwa na mtambo lini? Zamu ya usiku iliwakilishwa na nani? Na kila hatua iliyokubaliwa imeandikiwa jina la mhusika na tarehe ya kukamilika?

Majibu yakikosekana, kikao kiahirishwe hadi maandalizi yakamilike. Mtambo usioweza kusubiri salama hadi siku hiyo uzimwe.